Si kila jiwe la manjano ni yakuti

Ukishuka garini mjini Isiolo, hata kabla ya kunyoosha miguu utakuwa umezungukwa na wachuuzi wa bangili. Tuseme miongoni mwao anajitokeza kijana mwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Anakifungua. Ndani mna kijiwe cha manjano, kinang'aa kama mafuta ya simsim. "Yakuti ya Garba Tulla," anakwambia, na bei anaitaja papo hapo.

Huenda anasema kweli. Garba Tulla imo katika kaunti hiyo hiyo ya Isiolo, na mwamba wa volkano uliopenya ardhini pale umetoa yakuti za buluu, za kijani, na hata za manjano ya dhahabu. Ila duniani kuna jiwe jingine la manjano yenye ukijani ambalo liliwahi kuwababaisha mabingwa. Linaitwa brazilianiti, nalo ni la jamii ya fosfeti, yaani lina fosforasi ile ile iliyomo katika mifupa yako na katika mbolea ya shambani.

Kisa chake ni kitamu. Fuwele zake zilichimbwa Minas Gerais, nchini Brazili, na watu wakazidhani ni krisoberili, kito kigumu ambacho masonara wamekijua tangu zamani. Frederick Pough, wa jumba la makumbusho ya viumbe na mawe la New York, alitilia shaka. Yeye na Edward Henderson wa Smithsonian walilipima jiwe hilo, na mwaka 1945 wakatangaza kwamba ni madini mapya kabisa. Rangi ilikuwa imewadanganya wengi.

Sasa wewe ambaye huna maabara utafanyaje? Usikwaruze! Wapo wanaotoa kisu mfukoni na kulikwangua jiwe la watu. Ni kweli kwamba yakuti ina ugumu wa daraja la 9 katika kipimo cha Mohs, ilhali brazilianiti iko 5.5 tu, na ncha ya feleji nzuri inaweza kuitia alama. Lakini jiwe likishakwaruzwa, hasara imekwisha kuingia, na kijana yule ana haki ya kukudai.

Tumia maji. Wanafunzi wa kidato mnaijua hesabu hii. Pima jiwe kwa mizani ndogo, kisha lining'inize kwa uzi ndani ya maji na ulipime tena. Gramu zilizopungua ndizo sentimita za ujazo wake. Jiwe la gramu 12 likiwa yakuti litapungua gramu 3 hivi, kwa kuwa yakuti ni nzito mara 4 kuliko maji. Likipungua gramu 4, hiyo si yakuti, hata likiapiwa. Bado hujajua kwamba ni brazilianiti, maana yapo mawe mengine yenye uzito wa karibu na huo, lakini umejua la kutolinunua kwa bei ya yakuti.

Je, brazilianiti haina thamani? La hasha! Ni adimu, na wakusanyaji wa mawe huitafuta sana. Isipokuwa si kito cha kuvaa jikoni. Vumbi la kawaida la nyumbani limejaa chembe za kwazi, ambayo ugumu wake ni 7, kwa hiyo kila unapoipangusa pete unaisugua kwa kitu kigumu kuliko jiwe lenyewe. Tena ina upande ambao hupasuka kirahisi ikigongwa. Bwana arusi anayetafuta pete ya miaka arobaini na atafute kwingine.

Na hapa ndipo wachimbaji wetu wengi wanapopunjika. Mtu aliyezoea kuuza mawe ya kuchongwa hugonga kwa nyundo, akatupa mwamba na kubaki na vipande vyeupe visivyo na doa. Mkusanyaji anataka kinyume chake: fuwele nzima, kingo zake kali, ikiwa bado imekaa juu ya mwamba wake. Nyundo moja huondoa sehemu kubwa ya bei, na hakuna gundi ya kuirudisha.

Kwetu Afrika Mashariki, brazilianiti imepatikana Buranga, katika eneo la Gatumba nchini Rwanda. Eneo hilo linajulikana kwa bati na koltani. Mwamba wake ni pegmatiti, ule unaoganda mwisho kabisa wakati uji wa moto wa chini ya ardhi unapopoa, na ambao hukusanya vitu adimu vilivyokosa nafasi kwingine. Kutoka hapo mwaka 1977 wataalamu walitangaza fosfeti mbili ambazo hazikuwa zimejulikana, wakaziita burangaiti na gatumbaiti. Vijiji hivyo sasa vimeandikwa katika vitabu vya madini dunia nzima, na ni kwa sababu kuna mtu aliyeandika jiwe limetoka shimo gani.

Huko Isiolo faida ya kuandika ni ya shilingi pia. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yalipochimbwa. Asilimia hiyo 10 hailipwi kwa jiwe lililotoka mjini ndani ya soksi. Ukinunua, basi, nunua kwa mwenye leseni na udai risiti yenye jina la jiwe.

Na wewe kijana mwenye kikaratasi, ukiokota fuwele usiyoijua, iache juu ya mwamba wake. Andika siku na mahali ulipoipata, kisha uifunge vizuri. Hata kwa ukurasa huu, si neno.