Kabla ya Kukanyaga Barafu, Tuipime

Haya ni kwetu tulioko Minnesota, Maine, Manitoba na kote ambako maziwa huganda.

Huenda mwenzako kazini ameshakwambia, "Jumamosi twende ziwani tukavue." Nenda. Wengi wetu tumekulia kando ya Ziwa Victoria, Tanganyika au Kivu, na samaki tunamjua. Uvuvi wa huku nao una raha yake: unatoboa tundu kwa keekee, unateremsha mshipi, unakalia ndoo iliyopinduliwa na kupiga soga mpaka ufito uiname.

Samaki tunamjua, lakini barafu je? Waswahili husema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi tuyafikie kwa kipimo.

Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri hivi: anayetembea kwa miguu anahitaji angalau inchi 4, yaani sentimita 10, za barafu mpya, ngumu na angavu. Pikipiki ya theluji inahitaji inchi 5 hadi 7, na gari dogo inchi 9 hadi 10. Barafu nyeupe ina nusu tu ya nguvu hizo, kwa hiyo iwe nene maradufu. Na idara yenyewe inakumbusha kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Unene huo utaujuaje? Macho hayatoshi, wala nyayo za aliyepita jana. Barafu inaweza kuwa imara uliposimama, na hatua chache mbele ikawa nyembamba, kwa sababu chini kuna chemchemi, au mto unaingilia hapo, au kuna nguzo za daraja. Chukua mtaimbo, gonga mbele yako unapokwenda. Toboa, pima kwa rula, na urudie kila baada ya mita 45 hivi. Mtaimbo ukipenya kwa pigo moja, rudi kwa njia ile ile uliyojia. Wenzako wakikutania, cheka nao, mle chakula cha jioni pamoja.

Na nyumbani, nani anajua uko ziwa gani? Kabla hujatoka, mwachie mwenzio jina la ziwa, mahali utakapoingilia na saa ya kurudi. Watoto nao tuwaeleze kuhusu bwawa lile la maji ya mvua nyuma ya nyumba za kupanga. Maji ya mifereji huingia humo, na barafu yake haigandi sawasawa. Si uwanja wa mpira.

Vaa jaketi la kuokolea juu ya koti, isipokuwa ukiwa ndani ya gari lililofungwa. Shingoni ning'iniza vishikio viwili vyenye ncha za chuma, vinavyouzwa madukani wanakouza chambo. Kazi yake ni nini? Barafu iliyolowa haishikiki kwa vidole.

Ukitumbukia, kumbuka hesabu hii: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza baridi hukukata pumzi; tulia mpaka irudi. Kisha una kama dakika 10 za mikono na miguu kukutii, na takriban saa nzima kabla ya kupoteza fahamu. Geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikubeba. Choma zile ncha, piga miguu kama anayeogelea mpaka kifua kipande juu. Usisimame, jiviringishe mbali na tundu.

Ukimwona mwingine amezama, usimkimbilie. Piga 911, mrushie kamba au mnyooshee tawi.

Wanaovulia ndani ya hema au kibanda, mnalikumbuka jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa? Hita ya gesi nayo hutoa hewa ile ile ya sumu, isiyo na harufu. Acheni upenyo wa hewa, na muweke king'ora cha betri cha kaboni monoksaidi.

Hata ziwa linalopendwa na wavuvi hubadilika. Desemba 2023, katika ziwa la Upper Red Lake, Minnesota, barafu ilimeguka ikaachana na ufuko, na watu zaidi ya 100 wakahitaji kuokolewa. Kwa hiyo tupime kila tunapokwenda, hata kama wiki iliyopita tulivuka.

Mwenye keekee amwazime jirani. Anayeijua barafu ya ziwa la karibu aeleze kanisani, msikitini na kazini. Na yule ndugu aliyewasili juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, ambaye hajaona ziwa likiganda maishani mwake, nani atamweleza kwa lugha anayoielewa, kama si wewe na mimi?