TUWATAMBUE WALIOVAA NYEUSI

Wapo wasemao kwamba karagosi anayechezeshwa mbele ya kitambaa cheusi kitupu, katika sinema au televisheni, ni dalili ya ufukara wa mtengenezaji, kwa kuwa ameshindwa kuchora nyumba, miti na mbingu. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo.

Mahameli nyeusi humeza mwanga. Taa zikimulika karagosi peke yake kutoka ubavuni, mchezeshaji aliyevaa nyeusi tangu kichwani hadi vidoleni hupotelea ndani ya weusi ule, na kamera haimwoni. Karagosi huonekana akitembea, akiruka na kuelea kwa nguvu zake mwenyewe. Taa ikipotoka kidogo, au vumbi likitua juu ya nguo, siri yote hufichuka. Hiyo si kazi ya mvivu. Jiří Srnec alianzisha kundi la maonyesho ya namna hiyo mjini Prague mwaka 1961, na sifa zake zikavuka mipaka ya nchi yake.

Huko Japani, katika maonyesho ya Bunraku, karagosi mmoja huchezeshwa na watu watatu. Mkuu wao hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, na wa tatu miguu. Wale wasaidizi wawili hufunikwa nguo nyeusi hata usoni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1969 Masahiro Shinoda alitengeneza sinema kutokana na mchezo wa karagosi wa Chikamatsu wa mwaka 1721, naye akawaleta watu wa nguo nyeusi mbele ya kamera, kati ya waigizaji, waonekane dhahiri.

Hapo ndipo lilipo neno letu. Katika siasa, kumwita mtu kikaragosi ni tusi, maana anayemchezesha hujificha ili atuhadae. Msanii hujificha ili tufurahi, nasi twajua kwamba yupo. Hilo halina aibu. Aibu ni pale kitambaa kinachomficha machoni kinapomficha pia katika hesabu ya mshahara na katika orodha ya majina. Mwenye sauti akiandikwa kwa herufi kubwa, na aliyeshika miguu akasahauliwa, weusi huo umegeuzwa kuwa chombo cha dhuluma.

Kwa hiyo twawataka wenye studio waandike mwishoni mwa kila mchezo majina ya wote walioushika mwili wa karagosi, wawalipe kwa kadiri ya ustadi wao, na wawape nafasi ya kupumzisha mikono. Vyama vya wafanyakazi navyo visingoje kuombwa. Mfanyakazi asiyeonekana ni mfanyakazi vilevile, na haki yake haipungui kwa sababu amesimama gizani.