Tuonyeshe Kazi Ingali Mbichi

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya Chama chetu cha Kompyuta.

Muhula uliopita tulitunga programu ya kuandika vitabu vinavyoazimwa maktaba. Tulijifungia majuma kumi, wala hatukumwonyesha mkutubi chochote, maana tuliona haya kuonyesha kazi isiyokamilika. Siku ya kumkabidhi alituuliza, "Nitawajuaje wa Kidato cha Pili ambao hawajarudisha?" Programu yetu haikuweza kumjibu. Hata leo anatumia daftari.

Wenye ujuzi walikwisha kuliona kosa hili. Februari 2001 watu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika tamko la utaratibu uitwao ajaili. Shauri lao ni kwamba programu itengenezwe vipande vidogo vidogo. Kila baada ya majuma machache mtumiaji apewe kipande kinachofanya kazi, akijaribu, aseme kasoro zake, ndipo kazi iendelee.

Jirani zetu wa Kenya walifanya karibu na hivyo. M-Pesa ilijaribiwa mwaka 2005 kwa watu wachache, ili walipe mikopo yao kwa simu. Waliposimamia jaribio waliona watu wanatumiana fedha wao kwa wao. Basi ilipofunguliwa kwa wote Machi 2007, ilikuwa huduma ya kutuma fedha.

Wako wasemao kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini kuonyesha mapema si kufanya haraka, wala si kukosa mpango. Hapa Ikombe mama zetu hufinyanga vyungu vya kuuza Matema. Chungu kibichi kikiwa na kasoro, mama hukirekebisha kwa mkono uliolowa maji. Kikisha kuchomwa, hakuna la kufanya.

Muhula ujao tumeombwa programu ya hesabu ya michango ya chakula. Hapa kosa si mchezo: mzazi aliyelipa akiandikwa hakulipa, mtoto wake atafedheheka mbele ya wenzake. Kwa hiyo nashauri tuanze na darasa moja, tumwonyeshe mwalimu wa chakula kila Ijumaa, na daftari liendelee kuandikwa kando mpaka hesabu zote mbili zipatane.

Nanyi wazazi wetu, mkiitwa kutazama, msiseme, "Sisi hatujui kompyuta." Mnajua mlicholipa, na hilo latosha kutusahihisha.