Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utamaduni Zanzibar: Mwalimu wa Ganuni Alipwe na Serikali

Mheshimiwa Waziri,



Kila zinapotajwa fedha za sanaa, tunaambiwa tutafute wafadhili. Naomba kulipinga jibu hilo kwa mfano wa taarab yetu.

Inasimuliwa kuwa katika karne ya 19 Sultan Barghash alimgharimia Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, ala ya nyuzi. Yaani muziki tunaojivunia leo ulianza kwa hazina ya dola kumsomesha mtu mmoja. Mfanyabiashara gani angelipa? Miaka ya kujifunza bashrafu, vipande vya ala visivyoimbwa, haina tiketi ya kuuza.

Hadi leo ni hivyo hivyo. Hoteli humlipa msanii apige usiku mmoja mbele ya wageni; kumfundisha mtoto wa mtaa wa Kwahani kushika fidla si kazi ya hoteli. Wafadhili wa nje nao huja na mradi, ukimalizika huondoka. Mwaka 2016 tamasha la Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha. Mwaka 2019 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002 na kufundisha katika jengo la forodha ya zamani pale Mizingani, kilikuwa hatarini kufungwa baada ya ufadhili kukatika, na wengi wa wanafunzi wake hawakuwa na uwezo wa kulipa ada. Chuo hicho ndicho kilichomlea mwanamuziki Siti Amina. Inauma kwamba uhai wake ulitegemea uamuzi wa watu walio mbali na Unguja.

Matamasha na kurekodi nyimbo waachiwe wenye kampuni na mahoteli. Huko wanapata faida yao. Mishahara ya walimu wa ala na ada za watoto wasiojiweza ziingie kwenye bajeti ya Wizara. Fedha zipo: mgeni hulipa kodi ya miundombinu kwa kila usiku anaolala hotelini. Itengwe sehemu ndogo tu ya mapato hayo.

Wapo wanaohofu kuwa serikali ikilipa itataka na kuchagua nyimbo. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo fungu hilo la fedha lisimamiwe na bodi yenye wanamuziki wengi kuliko maofisa, na Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichopo tangu 1905, kisikose kiti.

Mheshimiwa, katika bajeti ijayo tunaomba tulione fungu hilo limeandikwa, pamoja na kiasi chake.