Lamu Ipimwe Tena

Maradhi yapitapo kisiwani huacha hesabu mbili. Moja huandikwa katika daftari la hospitali, na nyingine hubaki ndani ya damu za watu. Ile ya kwanza aghalabu huwa pungufu, kwani wako wagonjwa wasiofika kwa daktari, na wako walioambukizwa pasipo kuugua.

Ndiyo maana upimaji uliofanywa Lamu mnamo Oktoba 2004 una thamani hadi leo. Chikungunya, homa iliyopata jina lake kwa Kimakonde baada ya kuzuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, ilikuwa imekikumba kisiwa. Wataalamu walipima damu za wakazi 288, wakakuta kingamwili za virusi hivyo kwa watu 215. Yaani takriban watu watatu katika kila wanne. Mapema mwaka 2005 maradhi yalikuwa yamekwisha fika Ngazija, na huko nako kipimo kilionyesha asilimia 63.

Hata hivyo, hesabu hiyo sasa imezeeka. Kingamwili hudumu miaka mingi kwa aliyeambukizwa, lakini mzazi hamrithishi mwanawe kinga ya kudumu. Waliozaliwa baada ya 2004, baadhi yao leo ni watu wazima. Je, ni wangapi kati yao wenye kinga? Jambo hili halikisiwi, hupimwa. Kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya watu waliambukizwa mwaka 2005 na 2006, kilivamiwa upya mwaka 2025.

Twaiomba Wizara ya Afya, pamoja na Serikali ya Kaunti, ipime tena. Kipimo na kiwe makini, maana kingamwili za o'nyong-nyong, homa ya jamaa moja na hii, huweza kumpoteza mpimaji. Na majibu yarudishwe mitaani, yasifungiwe makabatini: aliyetoa damu yake ana haki ya kujua ilichosema.

Wananchi nao wana wajibu wao. Mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Mwaka 2004 ulikuwa wa ukame, na wataalamu waliyahusisha maradhi na maji yaliyowekwa akiba majumbani. Wazee wetu walifuga samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu. Hekima hiyo, pamoja na kifuniko juu ya kila tangi na pipa, haina haja ya kungoja fungu la Serikali.