Jeep ya koperative: nani atalipa mazutu?

Ndugu wanamemba, koperative nyingi za kahawa zinataka kununua Prado ya okazioni. Sisi tuko nayo, na tunasema wazi: jeep hii iko na nguvu, lakini haiko kamio.

Kwenye matope inapita. Unatia vitesi ndogo, unapanda mlima polepole, na kwa kushuka motere yenyewe inazuia gari, freni hazipati moto. Kwa kutembelea vituo vya kuosha kahawa, ao kupeleka mgonjwa hospitali usiku, hatujaona gari nzuri zaidi. Lakini mizigo! Mifuko sita ya kilo 60 ni kilo 360 tayari, na bado shofere hajapanda, wala wale wote wanaoomba nafasi. Tena zile zinazotoka Japani kupitia Mombasa ao Dar es Salaam ziko na volani kuume, na huku kwetu tunapitia kuume. Kupita kamio mbele inakuwa kubahatisha.

Bei ya kununua njo ndogo. Kinachokula pesa ni filtre ya hewa inayojaa vumbi, mafuta ya motere kila kilometa 5.000, pine, amortisere. Zote zinatoka kwa kahawa yenu. Kwa hiyo, kabla ya kupiga kura, mudai komite ilete bajeti ya piesi ya mwaka mzima mbele ya mkutano mkuu. Na kila safari iandikwe kwenye kaye: nani, wapi, kilometa ngapi, mazutu lita ngapi. Prezida akienda nayo kwenye ndoa, aandikwe pia, na alipe.