KENGELE YA MLANGONI ITUFAE, ISITUTENGE

Muhula huu katika mdahalo wa shule yetu palitolewa hoja isemayo kwamba kengele ya umeme mlangoni yaua ukarimu wetu. Walioiunga mkono walishinda kwa kura chache. Mimi nilikuwa upande wa pili, lakini saa ilikwisha kabla ya zamu yangu ya kusema. Basi namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi hii, nami naomba wasomaji wanisikilize mpaka mwisho kabla hawajanihukumu.

Kwanza yanipasa kuieleza hoja ya wenzangu kwa haki. Wao wasema hodi ni sauti ya mtu. Mama aliye jikoni akisikia hodi hujua mara moja ni nani aliyekuja, na pengine hujua amekuja na jambo gani, maana sauti ya mwenye furaha si sauti ya mwenye msiba. Kengele haina habari hiyo. Ndugu na mdai, mzee na mtoto, wote hulia mlio mmoja. Tena wasema kwamba aliyesema hodi huitikiwa karibu, lakini aliyebonyeza kengele huulizwa, “Nani wewe?” Hayo ni kweli, wala siwezi kuyakana.

Lakini natuzitazame nyumba zenyewe. Hodi ilizaliwa katika miji isiyo na kuta. Huku kwetu Usukumani mji wa mtu ulizungukwa na uzio wa minyaa au wa miiba, na njia ya kuingilia ilikuwa wazi mchana kutwa. Mgeni alikuja akionekana tangu mbali. Alipofika uani aliamkia, “Mwadila!” naye akaitikiwa kabla hajakaa kivulini. Nyumba na mgeni walikuwa karibu, na sauti ilitosha.

Sasa mambo yamebadilika. Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao makuu yake, watu wengi wamejenga mjini. Wamo watumishi wa serikali, wafanyabiashara, na wakulima waliouza pamba wakanunua saruji. Mtu akimaliza nyumba huzungusha ukuta wa matofali, kisha huweka geti la chuma. Kutoka geti mpaka sebuleni huwa hatua ishirini au thelathini. Ndani mna redio na televisheni, na juu kuna bati. Mvua ikinyesha juu ya bati, watu wawili walioketi kiti kwa kiti hawasikilizani. Je, watamsikia aliye nje ya ukuta? Kwa hiyo mimi nasema kwamba aliyeinyamazisha hodi ni ukuta, nao ukuta ulitangulia kengele.

Nitatoa mfano mmoja. Usiku wa mvua kubwa mama mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mwanawe alitumwa kwenda kuomba msaada katika nyumba yenye gari. Kijana yule alisema hodi, akaita, akapiga geti kwa jiwe hata mkono ukamchoka. Hakuna aliyefungua. Aliyemsaidia mwisho ni jirani wa nyumba ya tatu, mwenye bajaji. Mama na mtoto walifika hospitali salama, twamshukuru Mungu. Asubuhi mwenye gari alipoambiwa alihuzunika sana, akasema usiku ule hakusikia kitu ila mvua. Naye ni mtu mkarimu, kila mtu mtaani amjua. Ukarimu alikuwa nao. Alichokosa ni sikio la kufika getini. Sikio hilo ndilo kengele.

Basi mwenye ukuta na geti, kengele kwake ni wajibu. Asiye na ukuta hana haja nayo. Afadhali fedha yake akanunue madaftari ya watoto. Kuweka kengele katika nyumba ambayo mlango wake uko mbele ya macho ya watu ni majivuno tu, na hapo nakubaliana na wenzangu.

Sasa nataka kusema juu ya jambo ambalo katika mdahalo halikutajwa hata kidogo, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Ni jinsi kengele inavyofungwa. Umeme wa nyumbani mwetu ni wa volti 230, nao ukipita katika mwili wa mtu waweza kumwua. Wako mafundi ambao, kwa kutaka urahisi, huchukua umeme huo huo wa taa na kuupeleka mpaka getini, kisha huweka swichi ya kawaida ya ukutani iwe ndiyo ya kengele. Hebu fikiri, ewe msomaji. Geti ni la chuma. Swichi ile haikutengenezwa kukaa nje. Mvua inanyesha, maji yanaingia, na waya ukichubuka umeme waweza kulishika geti lote. Anayekuja kubisha ni mtoto aliyetumwa chumvi, miguu mitupu, amesimama katika dimbwi. Tutamwambia nini mama yake? Tutasema tulikuwa twamkaribisha?

Baba yangu mdogo alipokuwa anamalizia nyumba yake hapa Bariadi, fundi mmoja alimshauri hivyo hivyo. Nilikuwapo likizoni, nikamwomba baba mdogo ruhusa ya kusema. Nikamwambia, “Baba mdogo, katika Fizikia tumefundishwa kwamba kengele haihitaji nguvu yote hiyo. Yatosha volti nane au kumi na mbili.” Akanitazama kidogo, kisha akamwambia fundi angoje. Kesho yake aliita fundi mwingine mwenye leseni, naye alithibitisha maneno yale. Nilimsaidia kazi tangu asubuhi mpaka alasiri, na haya ndiyo niliyoyaona.

Karibu na mein swichi, ndani ya nyumba, hufungwa transfoma ndogo ya kengele. Hiyo huupokea umeme wa volti 230 na kuushusha kuwa volti chache. Upande wa umeme mkubwa hulindwa na sakiti breka yake, na kazi ya upande huo hufanywa baada ya kuzima umeme wote wa nyumba na kupima kwa testa kuhakikisha kwamba umezimika. Kutoka kwenye transfoma hutoka nyaya mbili nyembamba. Mmoja huenda kwenye kengele. Wa pili huenda getini kwenye kitufe, na kutoka kwenye kitufe waya hurudi mpaka kwenye kengele. Mgeni akibonyeza, njia ya umeme hukamilika na kengele hulia. Akiachia, njia hukatika na kengele hunyamaza. Ni hayo tu.

Nyaya za kengele hazipitishwi katika bomba moja na nyaya za taa, ili umeme mkubwa usije ukavuja na kuingia katika mdogo. Kutoka nyumbani mpaka getini hazitundikwi hewani kama kamba ya nguo, maana huku kwetu Kanda ya Ziwa radi si mgeni. Huzikwa ardhini ndani ya bomba la plastiki, panya wasizitafune na jembe lisizikate. Geti likiwa mbali huchaguliwa waya mnene kidogo, kwa sababu waya mwembamba ukiwa mrefu hupunguza nguvu na kengele hulia kwa uvivu. Kitufe huchaguliwa kile cha nje kisichoingiza maji, nacho huwekwa kama mita moja kutoka chini, mtoto akifikie, na mwenye kiti cha magurudumu akifikie pia. Kando yake pameandikwa KENGELE kwa herufi kubwa, kwa sababu mzee aliyetoka kijijini aweza kudhani ni swichi ya taa, akaogopa kuigusa.

Wako watakaosema kwamba siku hizi zipo kengele zisizo na waya, na kazi hii yote ya nini? Kweli zipo, nami sizidharau. Kitufe chake hutumia betri ndogo na hutuma mawimbi ya redio kwa kipokezi kilicho ndani. Kwa nyumba iliyokwisha pakwa rangi zafaa sana, kwani hazihitaji kuchimba kuta. Lakini umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa mahali peupe. Kuta nene na geti la bati huupunguza. Tena betri huisha bila kuaga. Mwenye nyumba aijaribu kabla ya kulipa, na awe na desturi ya kubadili betri.

Wala tusiwasahau wale ambao hodi na kengele zote mbili haziwafikii. Bibi zetu wengi masikio yamechoka, na wako ndugu zetu viziwi wanaokaa peke yao mchana. Kwa watu hao zipo kengele zinazowasha taa mgeni anapobonyeza. Mtu ambaye miaka yote alishtukia mgeni amekwisha kusimama mbele yake, sasa aona taa yamulika, ajua ana mgeni, ajitengeneza, aenda mlangoni kwa heshima yake. Anayesema kifaa hicho chaua ukarimu na aende akamwulize bibi huyo.

Jambo jingine ni adabu. Desturi yetu ni kusema hodi mara tatu; usipoitikiwa, waondoka. Na kwa kengele iwe vivyo hivyo. Bonyeza mara moja, ngoja kwa kadiri ya mtu kuvaa viatu, kisha mara ya pili, kisha ya tatu, basi. Kuna vijana wanaoishikilia kengele kama wanaokamua ng'ombe. Hao wangepiga hata mlango wa mabua hivyo hivyo. Na mwenye nyumba naye ana wajibu wake. Kengele ikilia, atoke mtu, afungue, aseme karibu. Kumwuliza mgeni maswali kupitia tundu la geti huku jua lamchoma kulikuwako kabla ya kengele, na ni aibu kwa namna yoyote. Tena umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha, kengele ya transfoma hunyamaza. Siku hiyo hodi yarudi kazini. Kwa hiyo tusiwaache wadogo zetu wakaisahau.

Mwisho nasema na wanafunzi wenzangu. Kengele ya umeme si uchawi. Joseph Henry wa Marekani aliliza kengele kwa sumaku-umeme mwaka 1831, kupitia waya mrefu, nasi twayasoma hayo kisha twayaacha ndani ya daftari. Msumari, waya wa shaba kutoka mota mbovu, betri mbili za tochi, kipande cha bati laini na kifuniko cha kopo vyatosha kutengeneza kengele mezani. Shule zetu nyingi bado zapiga kipande cha reli au rimu ya gari kuitia watu darasani. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule itufae katika maisha yetu. Je, twaweza kusema tumelisikia, ikiwa kijana wa Kidato cha Nne nyumbani kwao amwona fundi akipeleka volti 230 kwenye geti la chuma naye ananyamaza kwa kuwa swali hilo halimo katika mtihani?

Sisemi kila mwanafunzi ashike bisibisi. Kazi ya umeme mkubwa ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na tumwachie yeye. Lakini kujua, kuuliza, na kumwambia mzazi kwa adabu, hayo ni yetu. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenye kujenga ukuta na aweke kengele. Mwenye kuweka kengele na aiweke salama, ili mgeni naye apone.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne